Nilivyokwenda Misungwi na Kisukuma cha Kubuni

Kilichonipeleka Misungwi ni mapenzi, lakini kilichoniponza ni mdomo. Nilikuwa nimemwambia mchumba wangu, Kabula, kwamba Kisukuma nakijua vizuri. Ukweli ni kwamba mimi ni Mhaya niliyepanga chumba Buzuruga, jijini Mwanza, na maneno niliyokuwa nayo ni mawili: "mwangaluka" ya kusalimia asubuhi na "wabeja" ya kushukuru. Mengine niliamini nitayabuni hukohuko.

Alfajiri ya siku ya posa nilimpokea bandarini Mjomba Rwegasira, aliyevuka ziwa kutoka Bukoba ili aniposee. Alishuka melini na kanzu nyeupe, fimbo, na mfuko wa senene, wale panzi watamu wa kwetu, wa kuwapelekea wakwe.

"Huko nani atatutafsiria?" akauliza.

"Mimi, mjomba."

Akanitazama kwa fahari. Hata mimi nilijionea fahari.

Tulipofika Usagara, njiani kwenda Misungwi, gari lilisimama kupakia abiria. Nikautumia muda huo kufanya mazoezi ya kutikisa kichwa kama mtu anayeelewa.

Tulifika kwao Kabula, nje kidogo ya mji wa Misungwi, jua bado halijawa kali. Kabula alikuwa jikoni, maana binti anayeposwa haketi na wageni. Baba yake alikuwa bado zizini. Akatupokea bibi yake Kabula.

"Mwangaluka!" nikasema, kwa sauti ya mwenyeji kabisa.

Bibi akafurahi, akaanza kuongea. Aliongea kwa kirefu, akionyesha benchi, akionyesha sakafu, akinitazama mimi usoni.

"Anasemaje?" akauliza mjomba.

"Anasema karibuni sana, hapa ni nyumbani."

Bibi akarudia, kwa nguvu zaidi, akipunga mikono.

"Na sasa?"

"Anasema ukae, mjomba. Ujiachie kabisa."

Mjomba akakaa, akajiachia. Benchi likakatika mguu. Akaenda chini chali, fimbo huku, senene kule, na kuku wakaingia bila kukaribishwa, wakaanza kula zawadi yetu.

Kabula nimemkosa, nikajisemea, na mjomba nimemvunja.

Bibi alimwinua mjomba, akamkung'uta kanzu, kisha akanigeukia. Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu.

"Haya, mjukuu wangu, tafsiri na hilo."

"Bibi, kumbe Kiswahili unakijua?"

"Nimeuza dagaa Mwanza tangu mama yake Kabula hajazaliwa. Kabula ndiye aliyesema wewe Kisukuma unakijua. Nikaona nisikutie aibu kwa kuongea Kiswahili mbele ya mjomba wako."

Baba yake Kabula alipoingia alitukuta tunacheka, mimi nikicheka kwa shida. Posa ikapokelewa, ila bibi akaweka sharti: kila Jumamosi niende kujifunza, na harusi itapangwa siku nitakayoweza kuongea naye mpaka mwisho.

Jioni, tukirudi, mjomba alikalia upande mmoja njia nzima. Nami nilikuwa na muda wa kujitafakari. Nilidhani kujua lugha ni kuwa na jibu kabla ya kusikia swali.

Siku hizi Jumamosi niko Misungwi. Harusi bado. Lakini sentensi ya kwanza niliyofundishwa na bibi naitamka vizuri, sibuni hata neno, na wageni wakija ni mimi ninayetumwa kuwaambia: benchi hilo ni bovu, msilikalie.