Siku Niliyomtembeza Mama wa Mchumba Wangu

Mama wa mchumba wangu alikuwa bado hajasema kama amenikubali. Alitoka magharibi mwa Kenya zamani, akapata shamba la skimu ya serikali ya kugawia watu ardhi, karibu na Msambweni, na miaka yote hiyo hakuwahi kuzunguka Kwale kwa kutazama tu. Nikaona nimtembeze pamoja na binti yake: magofu ya msikiti wa kale Diani, korongo lililo bara upande wa Kinango, kisha bwawa. Nilimaliza chuo mwaka jana na kazi sijapata, kwa hiyo muda wa kupanga ninao, na wa kuwaza pia.

Nilimwachia kiti cha mbele garini. Akaketi nyuma kabisa. Nilimpa shikamoo na mkono. Shikamoo aliiitikia akitazama dirisha, mkono akauacha hewani. Kule magofuni nilieleza habari za kibla na kuta za matumbawe. Nikimsogelea, naye anasogea mbali. Nilijinusa kwapa kwa siri.

Korongoni, chini ya ukingo mwekundu, nilitandika mkeka nikafunua sinia la pilau, maana kwetu mgeni mnakula naye sinia moja.

"Karibu mama, tule."

Alijipakulia kwenye kifuniko, akaenda kuketi nyuma ya jiwe kubwa, ametupa mgongo. Nilirudisha tonge langu siniani.

"Amenikataa," nilimnong'oneza mchumba wangu.

Alicheka mpaka tonge likamdondoka. "Wee Mdigo, una shida! Kwetu mkwe na mama mkwe hawali pamoja. Hawashikani mikono. Hata kupanda gari moja na wewe amejikaza."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo angeketi hapa akala na wewe, ungekuwa bado rafiki yangu wa chuo tu. Kula."

Nilikula, lakini nikawaza: je, kama ananituliza tu?

Bwawani maji yalikuwa yamepungua, ng'ombe wamesimama kwenye tope. Mama alisimama mbali nasi, akampazia sauti binti yake kana kwamba mimi sipo: "Mwambie huyo wazee wao waje. Lakini waje kabla mahindi hayajakauka, baadaye nitakuwa na kazi ya kuvuna."

"Umeambiwa," mchumba wangu akasema.

Nilitaka kukimbia nimbusu mkono. Nikabaki nilipo, nikayaelekea maji, nikasema kwa sauti, "Ahsante sana, mama."

Ng'ombe mmoja aligeuka kunitazama. Nyuma yangu nilimsikia mama akimuuliza binti yake kama pilau imebaki.