Daftari la Mzee

Msinidanganye kwamba siasa ni hotuba. Nimepiga chapa katika ofisi ile miaka thelathini na moja, kwanza kwa Mzee, kisha kwa bintiye. Siasa ya nyumba ile ilikuwa benchi la mbao pale mlangoni na daftari la jalada jeusi.

Kila aliyeketi benchini, Mzee alimwandika kwa mkono wake. Fundi viatu: mama anaumwa mguu. Mwalimu: paa linavuja. Mwezi ukipita, akimkuta fundi sokoni, humuuliza, "Mguu wa mama unaendeleaje?" Mtu moyo kwatu! Ndivyo alivyokaa bungeni vipindi vitano, kama babaye alivyodumu kwenye baraza la mji. Ah, siku zile! Hata kelele za taipureta yangu nazitamani.

Mzee alipofariki, bintiye akarithi kiti na daftari. Mtoto huyu amekulia chini ya meza yangu, akinimalizia biskuti. Akili anazo, haraka ndiyo iliyomponza. Benchi akaliondoa, eti watu wapige simu. Daftari akalikariri lote, asiongeze hata mstari mmoja. Nikamwambia, "Mwanangu, hayo ni ya zamani." Akacheka, "Shangazi nawe, kwa wasiwasi!"

Uchaguzi uliofuata, mpinzani alikuwa amemkaba koo. Siku ya mwisho ya kampeni, binti akamwona fundi viatu katikati ya umati. Akamwita kwa kipaza sauti, uso umejaa tabasamu: "Kaka, mguu wa mama unaendeleaje?"

Fundi akavua kofia yake.

"Mama tulimzika miaka mitatu iliyopita, Mheshimiwa," fundi akajibu, tena kwa upole. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Akashindwa kwa kura mia mbili na kumi. Miaka yote ile ya ukoo, basi tena! Nililia kama niliyefiwa na Mzee mara ya pili.

Kesho yake akanipitia, tukaenda kibandani kwa fundi. "Nimekuja kukupa pole ya mama, kaka. Najua nimechelewa."

Fundi akamsogezea kigoda, akaendelea kushona soli. "Kura nilikupa," akasema. "Ila ile ilikuwa ya baba yako, nilimwahidi. Yako wewe bado ninayo."

Mtoto wa watu akalia mbele yetu, bila kujificha. Kisha akatoa daftari jipya mkobani, akafungua ukurasa wa kwanza.

"Mama aliitwa nani?" akauliza.

Nikampa kalamu yangu.