Mate ya Nyambura

Wewe umewahi kumwona mtu mzima akiamriwa atemee mate tumbo la mgonjwa, ukoo mzima umesimama ukingoja? Mimi nimeona. Nilipokuwa mtoto kule Mugutha, miaka ya hamsini, hakuna aliyebishana kwamba mwenye jicho baya la wivu akikusifu utaugua, na dawa ni mate yake mwenyewe.

Cucu, nyanya yangu, alikuwa mke wa kwanza. Nyambura, mke mdogo, alimshinda kwa mapishi, na Guka, babu yangu, hakujua kuficha alivyonogewa. Basi Cucu akasusa chungu cha Nyambura, akawa anajikorogea uji mwepesi peke yake, mwezi baada ya mwezi, hadi akabaki mifupa. Yeye aliita hiyo heshima.

Asubuhi moja Nyambura akamtania uani, akimwita mama kama ilivyo desturi: "Maitu, umekuwa mwembamba kama msichana wa kuposwa!"

Haikupita wiki, Cucu akaanza kutapika nyongo. Tumbo lilijaa kama ngoma, na maumivu yakamshuka ndani ya paja hadi gotini.

"Ni jicho la huyo," akasema.

Nyambura akatema mate huku akilia. Cucu akatapika tena.

"Jicho lako limekataa kutoka," Guka akamwambia. "Utarudi kwenu Gatuanyaga. Watoto wanabaki hapa."

Mama yangu, aliyechoshwa na mate, alisimamisha lori la mkonge, tukamlaza Cucu juu ya magunia hadi hospitali ya Thika. Wakampasua siku hiyo hiyo. Daktari alieleza kwamba utumbo ulinaswa kwenye kitundu kilichomo katika mfupa wa nyonga. Sote tunacho, kimezibwa kwa mafuta. Bibi kizee akikonda mno, mafuta yanaisha na utumbo unapenya. Ni henia adimu, na kwa nje huoni uvimbe wowote.

Nilikuja kuisoma chuo kikuu, na sikuweza kuwacheka wazee wangu kama nilivyotamani. Walisema Cucu ameangushwa na wivu. Sawa kabisa. Walikosea mwenye wivu tu.

Cucu alipopata nguvu ya kusema, Guka na sisi sote tukiwa wodini, daktari akamuuliza, "Mama, haya maumivu ya paja yalianza lini?"

Cucu akageukia ukuta. Nyambura, ambaye alikuwa bado hajarudishwa kwao, alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, ameshika bakuli la uji ambalo hakuna aliyempokea.

"Mjibu daktari," Guka akasema. "Si ni siku ile alipokusifu?"

Cucu aligeuka, akamtazama mke mwenzake. Sikuona huruma usoni mwake, nisikudanganye. Niliona uchovu.

"Yalianza tukivuna mahindi," akasema. "Yanakuja, yanaenda. Huyu alikuwa hajanisifu bado. Nilijua si jicho lake. Nilimsingizia ili umfukuze."