Mashine Imefuata Mfupa

Wiki jana nilimsindikiza jirani yangu, mama aliyechuma chai tangu usichana wake, hospitalini akatolewe uboho wa mfupa, ili ijulikane kwa nini damu yake hupungua. Daktari alipoinua drili ndogo, mama akashika kitanda kwa mikono miwili.

"Mashine ilininyang'anya kazi shambani. Sasa imefuata mfupa?"

"Kogo," daktari akamjibu, akimwita bibi kwa lugha ya kwao, "sindano ya kusukuma kwa mkono huchelewa. Hii ni ya haraka, na ganzi imeshaingia."

Akafumba macho. Drili ikanguruma, ikanyamaza.

"Bado?"

"Tayari, kogo."

Akafumbua jicho moja. "Ai! Imechuma upesi hivyo?"

Majibu tunayasubiri, lakini hofu tuliiacha palepale kitandani. Langoni akaniambia, "Mwalimu, hii nimeisamehe. Ile ya shambani bado."

Nikamjibu kwamba mashine moja kwa siku inatosha.