Kifuniko cha Tanuri la Kawempe

Marehemu baba alikuwa na duka la nafaka hapa Kasubi, Kampala. Kabla yake babu, na kabla ya babu, baba yake, aliyekuja na msafara kutoka pwani asirudi tena. Mali hawakutuachia ya maana, ila kanuni moja: gunia lililoshonwa halinunuliwi. Baba alilifungua, akachota kutoka chini kabisa, akanusa, akatafuna, ndipo akauliza bei. Muuzaji akinuna, baba alimwambia kwamba yeye hauziwi mbuzi kwenye gunia. Nimeirithi kanuni hiyo yote, pamoja na mikono yake isiyotulia.

Mimi hutengeneza shanga za kioo. Nayeyusha vipande vya chupa kwa moto wa gesi, nazungushia kioo kwenye kijiti cha chuma, shanga inatoka. Kuyeyusha si kazi. Kazi ni kupoza. Kioo kikipoa haraka kinaweka kinyongo: leo kinakuonyesha uso mzuri, juma lijalo kinapasuka chenyewe, hakijaguswa na mtu. Miaka yote nilifukia shanga zangu kwenye majivu ya makapi ya mpunga zipoe, na nyingi zilinipasukia vivyo hivyo. Kwa hiyo niliposikia kuna mama Mkongo kule Kawempe anauza tanuri la umeme lililotumika, la kupozea kioo polepole usiku kucha, niliacha chai yangu mezani na kwenda.

Alikuwa mama wa makamo, amenizidi miaka michache, mkimbizi kutoka Bukavu na mtengeneza shanga kama mimi. Karatasi zake za kuhamia Kanada zilikuwa zimetoka, baada ya kusubiri hadi akakata tamaa. Binti yake mkubwa, aliyeolewa Luzira, hakuwamo kwenye karatasi hizo. Yeye abaki, mama aende. Tanuri lilikuwa kwenye kona ya chumba, kubwa kama sufuria ya pilau ya harusi, kifuniko kimefungwa kwa waya, na ukilikaribia unasikia joto.

"Usifungue furu mupaka kesho asubuyi, dada," aliniambia. Furu ndilo jina lao la tanuri. "Ndani muko shanga zangu za mwisho. Nimefanya mikufu mbili, kioo ya chupa moja, ile ya buluu. Moja naenda nayo, ingine inabakia na mutoto wangu. Sijue kama tutaonana tena."

Nikasema sawa, mama. Mimi, ambaye katika Kampala nzima sikuhitaji kuelezwa jambo hilo, nilisema sawa. Naye akaniambia nikae, akatoka uani kunipikia chai.

Nitasemaje sasa? Sikuwa na nia mbaya. Niliwaza tu kwamba nyaya za ndani huenda zimekatika, matofali huenda yamemeguka, na huyu anapanda ndege. Nikigundua baadaye nitamfuata Kanada? Mikono ikafungua ule waya. Nikainua kifuniko. Joto likanipiga usoni, nikaziona shanga zimelala safu mbili, na nyaya zote ni nzima. Hapo ndipo ningefunga. Lakini baba alichota kutoka chini, nami nikainama nitazame na matofali ya chini. Nikasikia ti, sauti ndogo kama kijiti cha kiberiti kikivunjika.

Nilifunga upesi, nikaurudisha waya ulivyokuwa. Mama yule alipoingia na chai ya tangawizi alinikuta nimekaa, mikono mapajani, kama mtoto wa madrasa. Akaniuliza kama nimeipenda furu yake. Nikasema nimeipenda. Chai ilikuwa tamu nami niliimaliza yote, na hata leo najionea aibu kwa kile kikombe.

Asubuhi yake nilirudi tukafungua pamoja. Shanga zote zilikuwa nzima. Alizitoa moja moja, akazipuliza, akazitazama kwenye mwanga wa mlango, akacheka peke yake. Kisha akanipa moja iwe ukumbusho. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti, mnafiki mimi, na rohoni nikajiambia kwamba ile ti ilikuwa ya kifuniko. Nikamlipa, dereva wa pikapu niliyoikodi akanisaidia kulibeba tanuri, nikaenda zangu.

Hapa nyumbani lilifanya kazi ajabu. Nililiwasha mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, hakuna hata shanga moja iliyonipasukia. Kisha, juma la pili, nikiwa nakunja nguo, nikasikia ti kutoka rafuni. Shanga ya buluu aliyonipa ilikuwa imegawanyika vipande viwili ndani ya kisahani. Nilikaa kitandani na nguo zangu. Kama hii imepasuka, nilijua zilivyo zile nyingine zote.

Kasubi na Kawempe si safari. Bodaboda ingenifikisha kabla sijamaliza kupanga maneno. Lakini siku ya kwanza mvua ilinyesha, siku ya pili nilikuwa na wateja, siku ya tatu nikasema goti linaniuma. Goti halikuwa linauma. Nilimwogopa yule mama. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Mimi nilikuwa nikiirefusha kila asubuhi.

Mwisho akaja yeye. Alikuwa amevaa kitenge kipya, amesuka nywele, kesho yake anasafiri. Hakutaka kukaa.

"Dada, nilikuuzisha kitu mubaya," alisema. "Shanga zangu zote zimepasuka. Zangu, na za mutoto. Alikuwa amezivaa shingoni, zikaanza kuanguka moja moja, akalia sana. Ile furu imezeeka, na miye sikujua. Nakuapia, sikujua. Siwezi kupanda ndege na zambi ya mutu. Unisamehe."

Nyuma yangu tanuri lilikuwa limewaka, limejaa shanga zangu za wiki. Akalisogelea, akaweka kiganja ubavuni mwake, taratibu, kama anayepima homa ya mtoto.

"Inakusumbua sana?" aliniuliza.

Nikasema inajitahidi tu.

Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa mawili tu, nilifungua mimi, na nilikuwa nayo mdomoni kabisa. Angenitukana, haki yake. Lakini angesafiri akijua kwamba mikono yake haikukosea, na binti angejua kwamba mama yake hakumwachia kitu kibovu. Nilimtazama amesimama pale na kitenge chake kipya, macho mekundu, akingoja neno kutoka kwangu, nami nikaona aibu yangu ni nzito kuliko haki yake.

"Nimekusamehe, mama," nikamwambia.

Akanishika mikono yote miwili, ile ile, akanishukuru.