Kuku wa Isipingo

Nilipokuwa mtoto pale Cato Manor, Durban, kuku mmoja alikunywa maji matupu akafa mbele ya macho yangu. Leo mvi zimeanza kuniingia, na bado sijui alikufa kwa nini.

Alinunuliwa Isipingo, mmoja wa wale weupe waliochoka kutaga ambao huuzwa hai karibu na stendi ya teksi. Kwa kazi ile ya kumtambua mchawi alihitajika kuku wa kienyeji, lakini Durban tungempata wapi? Wiki ile mdogo wake baba, Papa Delphin, alikuwa amepondwa na kontena bandarini. Kabla ya ajali alikula ugali kwa Mama Riziki, mjane jirani yetu aliyewapikia vibarua wa Kikongo. Hiyo ilitosha aitwe mchawi.

Nkambo, bibi yangu mzaa baba, alikuwa binti wa mnywesha mwavi, sumu ya kuwapima washukiwa wa uchawi. Kule kwao Kongo serikali ya Wabelgiji ilikataza sumu ile na kuwafunga walioinywesha, kwa hiyo wazee walihamia msituni na mashauri yao. Kuku alinyweshwa kwa niaba ya mtuhumiwa. Akiishi, mtu hana hatia. Akifa, ni mchawi. Nkambo, akiwa msichana, ndiye aliyemshikia baba yake bakuli. Sasa wanaume waliotoka kanisani, tai bado shingoni, walimtaka alishike tena uani kwetu.

Mama Riziki walimburuta kwa nywele. Mdomo wake ulikuwa umeshapasuka.

"Baba Aline, mimi nilimupa ugali tu!" alimlilia baba, akimwita kwa jina langu.

Baba akampiga teke la tumbo. "Nyamaza! Kila siku Delphin alikuwa anasema chakula yako iko tamu. Tamu sababu gani?"

"Eish, kweli," mmoja akacheka, akimsema mkewe. "Ya bibi yangu haijakuwa tamu hata siku moja!"

Nkambo alikoroga bakuli taratibu. Kuku akanywa, akatembea kidogo, akainamisha kichwa kama anayetafuta punje, akaanguka.

Wakapiga kelele. Mmoja alileta tairi, mwingine dumu la petroli. Nkambo akasimama mbele yao.

"Ni maji! Maji ya bomba! Sikutia kitu!" Akayanywa yaliyobaki, yote, wakimtazama.

Kisha baba akasema kwa upole, kama anayemfariji, "Mama, kama maji ya bomba imeua kuku, basi huyu iko mchawi kupita vile tulifikiri."

Nimesoma mengi tangu hapo kuhusu mashauri ya uchawi ya enzi za ukoloni, na humo namkuta baba yangu mara kwa mara: mtu aliyefiwa, ambaye hawezi kulikasirikia kontena. Sijaweza kumchukia. Waliopiga marufuku mwavi walidhani sumu ndiyo iliyokuwa ikiua watu. Nkambo naye alidhani hivyo mpaka Jumapili ile.

Petroli ilikuwa imeshalowesha kanga ya Mama Riziki Nkambo alipobadili sauti. Hakutaja tena maji. Alizungumza kwa amri, kama nadhani baba yake alivyozungumza kule msituni.

"Bakuli nimeshika mimi, hukumu ni yangu. Ni mkono ndio ulimulisha Delphin. Mkono unatosha. Kisha aende, Durban isimuone tena."

Walibishana naye, wakamtukana, hata baba. Mwishowe dumu likawekwa chini, kwa sharti kwamba wauone mkono ukivunjika.

Iliamuliwa hivyo. Mama Riziki alilazwa mkono wa kuume juu ya tofali, akilia akimwita Nkambo mama. Kijana mwenye tairi alisogea ili apige yeye. Nkambo akamsukuma pembeni, akachukua mchi tuliotwangia sombe, majani ya mihogo, akaunyanyua kwa mikono miwili, akauvunja ule mkono mwenyewe.