Ouma Hakuwa Namba Mbili

Hadi saa hii hii habari naikataa. Asubuhi nimepiga simu yake mara mbili kama mjinga, ikaita tu, mpaka mke wake, Mama Achieng, akashika. Akaniambia, "Shemeji, amepumzika. Wacha kupiga."

Ouma wangu wa Kiptere ameenda. Mimi niko hapa Sigor nimekaa kitandani, naandika kwa kidole kimoja. Mkiona makosa nyamazeni nayo.

Nilikuwa niandike maneno matamu. Halafu nikasoma tangazo la mazishi kwa grupu: "Mpiga ngoma hodari, mshindi wa pili wa mashindano ya bendi za mashamba ya chai."

Mshindi wa pili. Nikaskia damu imepanda kichwani.

Nyinyi wajukuu hamna makosa, mliandika vile mliambiwa. Lakini leo mtaskia vile ilikuwa, kutoka kwa yule aliyekuwa namba moja. Ni mimi.

Hiyo ni miaka ya hamsini, sisi wawili vijana tu. Ouma alikuwa anatia kuni kwa boila ya kiwanda cha chai. Mimi nilikuwa napima majani shamba la jirani. Kila shamba na bendi yake, na kila bendi na maringo yake.

Bendi yetu ilikuwa na ngoma za kununuliwa Nairobi, zenye skurubu za kukaza. Akina Ouma walijitengenezea zao, mapipa ya mbao na ngozi ya mbuzi. Kabla ya kupiga, Ouma alikuwa anazipanga mbele ya mlango wa boila mpaka ngozi ikaze. Anagonga kwa kidole, anaskiliza, anageuza, kama mama anaangalia chapati.

Kapteni wa bendi iliyoshinda alikuwa anapelekwa Nairobi kusomea bendi. Ouma aliitaka hiyo nafasi kuliko chakula. Alikuwa ameshatengenezesha sanduku la mbao la kubebea nguo, na jina lake juu.

Siku yenyewe tulipiga sisi kwanza, jua likiwaka. Tulipiga sawa. Sawa tu, sidanganyi mtu.

Saa nane mvua ya Kericho ikaja, vile huja, mtu yeyote wa huku anajua. Jaji hakuwa wa huku. Alikuwa mzungu mmoja aliyestaafu jeshini, amekaa chini ya turubai, viatu vikavu.

Mvua kuisha, ngozi za akina Ouma zimelegea zote. Akaenda kwa jaji kwa heshima, kofia mkononi, akaomba dakika kumi tu akazikaushe kwa moto. Jaji akaangalia saa yake akakataa. Ati kila bendi na zamu yake.

Sasa niambieni hiyo ni haki gani. Skurubu zangu hazikuwa zimeomba mtu dakika hata moja. Mpaka leo nikikumbuka ile saa yake ya mkono nataka kutukana, na mimi ni mzee wa kanisa.

Ouma akarudi mbele ya wenzake. Akapiga ngozi mara moja, ikalia kama godoro. Watu wakacheka.

Akageuza fimbo, akaanza kupiga mbao ya pipa, pale kando. Wenzake wakamwangalia kidogo, wakaelewa, wakaingia mmoja mmoja.

Weh. Nimefundisha bendi maisha yangu yote na sijawahi skia kitu kama hicho tena. Akina mama wachuma chai waliacha kucheka wakaanza kupiga makofi, vikapu bado mgongoni. Nyapara wetu, mtu mkali vile, alisahau cheo akatingisha mabega. Mimi nikajua tumeshindwa, na kusema kweli nilikuwa nimeanza kumfurahia.

Halafu jaji akaniita mezani nisaini karatasi ya maksi. Kapteni wa bendi iliyoshinda ndiye alikuwa anasaini, na kapteni wetu nilikuwa mimi.

Niliona kwa haya macho. Kwa mstari wa Ouma, chini ya "sauti", jaji alikuwa ameandika tisa. Akaikata. Kando yake akaandika nne.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Ngoma hupigwa kwa ngozi, si kwa mbao. Saini hapa."

Hiyo sheria haikuwa imeandikwa mahali popote. Masikio yake yalikuwa yamempa Ouma tisa, yaliskia vizuri kabisa. Kichwa chake ndicho kilikataa. Nimekuwa jaji wa bendi za shule miaka mingi na hiyo ndiyo inanichoma zaidi. Mtu anaskia ukweli, kalamu iko mkononi, na bado anaukata.

Na mimi nikasaini.

Asubuhi yangu ya kuondoka kwenda Nairobi, Ouma alinisindikiza mpaka barabarani, na sanduku lake kichwani. Akanipa. "Rono, chukua. Wacha lifike Nairobi hata kama mimi sifiki."

Yeye akarudi kwa boila. Alitia kuni mpaka akastaafu.

Kila nikitoka kuamua mashindano ya shule alikuwa ananiuliza, "Leo umeskiliza, ama umeangalia viatu vya watu?" Tunacheka wote. Lakini ile tisa sikuwahi kumwambia. Niliogopa atadai sanduku lake. Hapana, huo ni uongo. Niliogopa hatalidai.

Kikombe tulichopewa siku ile kiko hapa juu ya kabati. Jumamosi nakuja nacho Kiptere, na sanduku pia, jina lake bado linasomeka. Hilo tangazo mlibadilishe kabla sijafika. Na mtu asiniletee habari ya karatasi ilisema nini. Karatasi niliisaini mimi.

Ouma, omera, ndugu yangu, jaji alikupa tisa. Ningepaswa kukwambia siku ile ile.

Usingizi mwema, namba moja.